Sahani Chini ya Kawa

Nikianza kusimulia, aliye karibu aitikie. Asipokuwapo mtu nitaendelea tu, maana nimekwisha kuzoea.

Palikuwa na nchi. Jina lake silitaji, si kwa kuogopa, ila kwa sababu lilikuwa refu. Kila kiongozi aliyeingia aliliongezea neno lake mwishoni, mpaka watoto wa shule wakilianza asubuhi hulimaliza baada ya kengele ya kutokea. Ilikuwa nchi nzuri. Ilikuwa na mito miwili, uwanja wa ndege mmoja na mawaziri sitini na wanne. Mimi nilikaa katika mji wake mmoja mdogo uitwao Mtangajuu, nyumba ya vyumba viwili, njia ya kwendea kisima cha zamani. Jina langu Somoe binti Fundi. Shule nilikwenda hadi darasa la nne, kisha mwalimu akahamishwa na darasa la tano likawa halina mtu wa kulifundisha, tukarudi majumbani. Kusoma najua, ila polepole. Hilo la polepole mlikumbuke, nitalirudia.

Basi siku moja Serikali ikagundua kwamba nchi haiendelei. Ikaunda tume ya kutafuta sababu. Tume ikazunguka dunia nzima, maana haikutaka kuipendelea nchi yake katika kutafuta, ikarudi baada ya mwaka na nusu ikiwa imenenepa, na sababu ikawa imeipata. Sababu ni ubinafsi. Wananchi wana ubinafsi. Kila mtu anajijali mwenyewe, ndiyo maana barabara hazina lami.

Neno lenyewe tulikuwa nalo siku nyingi. Mama yangu alilitumia mara chache sana, kwa kuwa aliliona zito. Aliyekunyima chumvi hakumwita hivyo. Aliyekunyima chumvi ni mchoyo tu, kesho atakupa. Mbinafsi, alisema mama, ni yule anayekutazama usoni na asikuone. Mimi sikuwahi kumjua mtu wa namna hiyo, nikadhani labda wako miji mingine.

Lakini Serikali haiwezi kumkamata mtu kwa neno la mama yangu. Ilitaka maana rasmi. Wakateuliwa wataalamu kumi na mmoja, wakapelekwa katika hoteli moja kando ya ziwa ili waandike maana ya ubinafsi. Walikaa miezi tisa. Tulivyosikia, hawakuweza kuelewana kwa sababu kila mmoja alitaka maana yake ndiyo iwekwe mbele, na picha yake iwe juu ya hiyo maana. Mwishowe kikatoka kitabu chenye maana kumi na moja na picha kumi na moja, na chini ya kila maana imeandikwa kwamba zile nyingine zina makosa. Iliyoingia katika sheria ni ya kwanza, ya mwenyekiti, na inasema hivi: ubinafsi ni hali ya raia kuwa, kula, kukaa au kufikiri peke yake pasipo kibali.

Ikaanzishwa wizara pia. Waliiita Wizara ya Usisi, neno hilo wakaliunda wenyewe. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Daktari Injinia Kifumbe, mtu wa sauti kubwa na mikono midogo. Siku ya kuizindua wizara alihutubia uwanjani, nasi tukabebwa kwa malori kwenda kumsikiliza.

"Mimi sipendi kujisema," alisema. "Lakini nani aliyewaletea sisi? Ni mimi. Kabla yangu hapakuwa na sisi. Mimi nimechoka kwa ajili ya sisi, mimi nimekonda kwa ajili ya sisi."

Hapo mkanda wake wa suruali ukakatika, na msaidizi wake akasimama nyuma akaishika suruali mpaka hotuba ikaisha. Tulipiga makofi kwa uangalifu, kila mtu akimtazama jirani ili asiwe wa kwanza kuacha.

*

Amri iliyofuata ni ya Mkutano wa Pamoja. Kila siku saa sita mchana watu wote waende uwanjani, wakae pamoja, wasikilize kipaza sauti mpaka alasiri. Chakula cha mchana kila mtu aje nacho kwenye kifuko chake, ale huku anasikiliza, kuzungumza hapana, maana mazungumzo huharibu umoja. Waliopita miaka sabini walisamehewe, kwa heshima ya uzee wao.

Mtangajuu waliopita miaka sabini tulikuwa watatu. Mmoja alifariki mwezi ule ule. Wa pili alichukuliwa na binti yake. Nikabaki mimi. Basi kuanzia saa sita hadi alasiri mji wote ulikuwa wangu, mimi na kuku na kile kipaza sauti kikisema sisi, sisi, sisi, kutoka mbali.

Sasa niwaambie nilivyokuwa nakula. Mume wangu, marehemu Mbwana, alikuwa na desturi. Chakula kikishapakuliwa, hutandika mkeka penye kizingiti, mlango wazi, na kabla hajatia mkono sahanini hutazama njia upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Akiona mtu, humwambia karibu. Asipoona, hungoja kidogo. Na siku zote nilipakua sahani ya ziada, ya mgeni, nikaifunika kawa, kile kifuniko cha ukili chenye ncha juu, isiingie nzi. Mgeni akija chakula kiko tayari. Asipokuja, jioni huliwa na mwenye njaa.

Mbwana alipofariki niliendelea. Watoto wetu watatu walikwenda nchi za baridi, wananiletea picha, na picha ninazipenda, ila picha haiinui kawa. Nikawa natandika mkeka, natazama kushoto, natazama kulia. Kabla ya sheria walikuwapo wapitao. Nikimwona mtu nasema, "Karibu." Naye hujibu, "Starehe, Bibi," anapita zake. Ni jibu la adabu kabisa, sina la kulisema vibaya. Lakini ukijibiwa hivyo miaka tisa unafika mahali unatamani atokee mmoja asiye na adabu, avue viatu, aketi.

Basi siku ya kwanza ya huo Mkutano nikatazama kushoto, hakuna mtu. Nikatazama kulia, nikamwona mwanamume anakuja. Mrefu, mwembamba, shati la serikali limempwaya, kofia ya buluu imeandikwa SISI, faili kwapani. Baadaye nilijua jina lake, Afisa Mkaguzi Likwata.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Karibu."

Hakusema starehe. Alisimama. Moyo wangu uliruka, nasema kweli. Kisha akafungua faili.

Akaniuliza ninakula na nani. Nikamwambia na hakuna mtu. Akauliza kama nina kibali cha kula na hakuna mtu. Nikamwambia sikujua kinatolewa wapi. Akaandika. Akaniuliza vyumba vingapi, nikasema viwili. Nalala katika kipi, nikasema kimoja, kwa maana sijaweza bado kulala katika viwili. Akaandika hata hilo. Halafu macho yake yakaangukia kawa. Akainama, akaiinua kwa kalamu. Chini yake palikuwa na wali, mchicha wa nazi na kipande cha samaki, mvuke bado unatoka.

"Na hiki?"

"Cha mgeni."

"Mgeni gani?"

"Simjui bado."

Aliandika kwa muda mrefu kidogo, kisha akanisomea, kwa kuwa sheria inataka mtuhumiwa asomewe. Ameandika kwamba mtuhumiwa amekutwa ameficha chakula chini ya kifuniko kwa ajili ya mtu asiyefahamika, huku yeye mwenyewe anakula kingine.

Nikamwambia, "Baba, acha kuandika kidogo, keti ule. Wewe ndiye mgeni."

Akameza mate. Niliona koo lilivyopanda na kushuka. "Mkaguzi akiwa kazini si mtu, Bibi," akasema. "Ni Serikali."

"Na Serikali haili?"

"Inakula," akasema, "lakini si hapa."

*

Kesi yangu ilisikilizwa na Mheshimiwa Kifumbe mwenyewe. Ilikuwa kesi ya kwanza ya ubinafsi tangu sheria itungwe, naye hakutaka mwingine aifungue. Sahani yangu na kawa yake viliwekwa juu ya meza vikaitwa kielelezo namba moja. Chakula kilikuwa kimeshachacha, lakini hakuna aliyetaka kusema.

Shahidi alikuwa jirani yangu, Mama Hidaya. Yeye si mtu mbaya. Aliapa kwamba mimi humwambia karibu kila anapopita, na kwamba hajawahi kula kwangu hata tonge moja katika miaka tisa. Mheshimiwa akamuuliza kwa nini hajala. Mama Hidaya akasema alikuwa hataki kunisumbua. Akaandikwa kuwa amethibitisha kwamba kula kwangu ni usumbufu.

Kisha Mheshimiwa akasimama kutoa hukumu. Alisema yeye ana huruma kuliko mtu yeyote aliyewahi kuwa na huruma. Alisema mtu mwenye ubinafsi dawa yake ni kuonjeshwa ubinafsi wake mpaka aukinai. "Kwa hiyo," akasema, "kwa muda wa mwaka mmoja, mfungwa atakaa nyumbani kwake na hataruhusiwa kula na mtu yeyote."

Watu wakaguna kwa uzito wa adhabu. Mimi nilikuwa najaribu kutafuta tofauti ya adhabu hiyo na Jumanne.

Ikaamriwa pia kwamba kielelezo kiwepo kila siku kama kilivyokutwa, yaani sahani iwe na chakula, kiwe cha moto, kifunikwe kawa, ili wizara ikitaka kukitazama ikikute. Na Mkaguzi Likwata awe anakuja kila siku saa sita kuhakikisha kwamba sili na mtu, asiondoke mpaka sahani zimeoshwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa ile hukumu. Nikasema ahsante. Wakadhani nimechanganyikiwa.

*

Siku tatu za kwanza alisimama nje na faili lake. Mimi nakula, yeye ananitazama. Nikimaliza anainua kawa kwa kalamu, anaandika kipo, anaifunika. Siku ya nne ilinyesha mvua nikamwambia aingie, Serikali italowa. Akaingia, akasimama pembeni ya mlango. Nilipika mchuzi wa kunde siku hiyo. Tumbo lake likalia, akakohoa ili kulifunika, likalia tena baada ya kikohozi.

Nikamuuliza taratibu, "Baba, mimi nimehukumiwa nisile na mtu. Sivyo?"

"Ndivyo, Bibi."

"Na wewe ni mtu?"

Alifikiri sana. Alikuwa mfanyakazi mwaminifu, hakutaka kunidanganya. "Nikiwa kazini, hapana."

"Basi kielelezo kinapoa."

Akatazama njia upande wa kushoto. Akatazama upande wa kulia. Mimi nikainamisha kichwa, maana kwa kitambo nilimwona Mbwana. Akavua viatu, akaketi mkekani, akavua na kofia. Halafu akakumbuka, akairudisha kofia kichwani, kwa sababu bila ya kofia angekuwa mtu. Akala hivyo hivyo, na kofia yake, mpaka punje ya mwisho. Kisha akafungua faili akaandika, nami nikamwona anavyoandika: mfungwa amekula peke yake, kielelezo kimekaguliwa chote.

Kuanzia hapo, jamani, nilipika. Nilikuwa nimesahau kwamba napenda kupika. Nilikuwa nachemsha kitu na chumvi, basi. Sasa naamka nawaza, leo nimpikie nini. Ndizi na papa mkavu. Maharage ya nazi. Siku moja nilimpikia biriani ya kuku, nikasikia kipaza sauti kutoka uwanjani kinasema kwamba mwananchi mmoja mmoja si kitu, nikaendelea kutwanga binzari huku naimba.

Likwata hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini chakula humlegeza mtu. Akanieleza kwamba kwao ni Kipandeni, safari ya siku mbili kwa basi na nusu siku kwa miguu. Ana mama yake tu, mtoto ni yeye pekee. Mama yake hajui kusoma, barua zake huandikiwa na mwalimu wa shule ya pale. Likwata alizisoma barua hizo kwangu, akishamaliza kula. Hazikuwa na mambo makubwa. Kuku ametotoa. Paa linavuja upande wa jikoni. Kila mwisho iliandikwa, *sahani yako naiweka*.

"Anaiweka kweli?" nikamuuliza.

"Kila siku, Bibi. Kama wewe."

Ulikuwa mwaka wa tatu hajakwenda kwao. Aliomba ruhusa wizarani wakamjibu kwa maandishi kwamba mtumishi anayetaka kwenda kumwona mama yake mwenyewe, badala ya mama kwa jumla, anaonyesha dalili za ubinafsi kwa maana ya saba. Na tena hawezi kuondoka wakati mfungwa bado anatumikia adhabu, kwa kuwa mfungwa ndiye kazi yake.

Mfungwa ni mimi. Nililisikia hilo, nikampakulia mchuzi zaidi.

*

Mwezi wa tano wa kifungo changu ilifika Sikukuu ya Sisi, ambayo iliangukia siku aliyozaliwa Mheshimiwa. Kwa furaha ya kuzaliwa kwake alitoa msamaha kwa wafungwa wote wa ubinafsi. Wote tulikuwa mmoja. Sharti lilikuwa kwamba mfungwa asome karatasi ya msamaha na kutia sahihi kabla ya wiki nane kwisha, asipotia basi amalize mwaka wake.

Likwata aliileta mwenyewe ndani ya bahasha. Sikuwahi kuuona uso wake vile. Alisahau hata kunipa shikamoo.

"Bibi, ukitia sahihi tu, umekuwa huru. Na mimi kazi yangu hapa imekwisha. Nimeshauliza, wataniachia niende Kipandeni."

Nikaipokea. Mikono yangu ilikuwa na unga, nakumbuka. Nikamwambia, "Mimi sitii sahihi kitu ambacho sijakisoma, baba."

"Ndivyo inavyotakiwa, Bibi. Soma kwanza."

Alipoondoka nikaifungua bahasha. Ilikuwa karatasi moja, mistari kumi na miwili. Niliisoma yote kabla maji ya chai hayajachemka. Nikaikunja, nikaitia ndani ya debe la mchele, chini kabisa, nikafunika.

Kesho yake akaniuliza, "Umefika wapi, Bibi?"

"Niko juu juu bado, pale penye nembo."

"Vizuri."

Wiki ikapita. Nikamwambia kuna neno gumu limenikamata. Akaniuliza ni neno gani anisaidie, nikamwambia hapana, acha nipambane nalo mwenyewe, ndiyo elimu. Wiki ya tatu nikamwambia macho yananiwasha. Wiki ya nne akauliza tena, nikamwambia, "Sasa naingia ukurasa wa pili."

Akasema, "Vizuri, Bibi. Usiyalazimishe macho."

Nami nikampakulia. Kila siku nilipochota mchele mkono wangu uligusa ile karatasi. Ilikuwa inashuka jinsi mchele ulivyokuwa unashuka. Nilijiambia ni siku chache tu. Nilijiambia yeye ni kijana, mama yake amengoja miaka mitatu, wiki chache ni nini. Nilijiambia pia kwamba Kipandeni ni mbali, mabasi hayaaminiki, heri akae. Kichwa cha mtu aliyekaa peke yake siku nyingi hujua kutafuta maneno.

Wiki ya tano ikaja barua. Likwata alikuwa amemwandikia mama yake kwamba kuna bibi huku anasoma karatasi, akimaliza tu yeye anakuja. Mama akajibu, na Likwata akanisomea hapo mkekani: *Mwambie huyo bibi asome kwa utulivu. Macho ya uzee nayajua. Nami nangoja.*

"Anakusalimu," akaongeza.

Nikasema namwitikia. Nikaenda jikoni nikakaa huko, nikajifanya moto umezimika.

Wiki ya saba ikaja nyingine, fupi. Alikuwa amekwisha kula nusu alipoitoa mfukoni. Alisoma kama anavyosoma siku zote, bila kubadili sauti. *Mwanangu, kuku hawajambo. Sahani yako nimeacha kuiweka. Ilikuwa inamwagwa kila jioni, na mchele si mwingi. Usidhani nimekasirika. Ni kwamba nimechoka kuinua kile kifuniko nikakuta chakula.*

Akaikunja. Akaendelea kula, maana alikuwa mtu wa kumaliza anachopakuliwa. Mimi tonge lilikuwa mkononi, likabaki mkononi.

Nilimtazama yule mtoto wa watu. Wiki saba nimemtazama kila mchana, ana kovu hapa, ana kucha zilizokatwa vibaya, anapenda ukoko. Nilijua kila kitu chake. Na nikajua kwamba wiki saba zote hizo nilikuwa nikimtazama usoni na sikumwona hata siku moja.

Nikainuka. Nikaenda kwenye debe, nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko, nikaitoa ile karatasi. Ilikuwa na vumbi la mchele. Nikaiweka juu ya mkeka mbele yake, nikaomba kalamu, nikaandika jina langu lote kama nilivyofundishwa darasa la pili. Haikuchukua muda.

"Ukurasa ni mmoja, baba," nikamwambia.

"Najua, Bibi."

"Unajua?"

"Ofisini mashine ya kuchapa naipiga mimi. Hiyo karatasi niliichapa mwenyewe."

Nilikosa pa kutazama. Nikauliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nangoja umalize," akasema.

Hakukasirika, au kama alikasirika aliificha hasira yote ambayo mimi nilistahili kuiona. Alitazama sahihi yangu ikauke. Halafu akavua kofia, akaiweka chini kando ya faili. Sikuwahi kumwona bila kofia zaidi ya ile dakika ya kwanza. Kumbe alikuwa na mvi mbili tatu juu ya sikio.

"Umekwisha kuwa huru," akasema. "Leo nakula kama mtu."

Akamaliza chakula chake. Akachukua sahani zote mbili akaziosha yeye, akazipanga, akaifunika ile ya mgeni, tupu, kwa kawa kama ilivyo desturi ya nyumba. Akaondoka na basi la asubuhi yake.

*

Cheti nilikabidhiwa uwanjani, mbele ya Mkutano wa Pamoja. Kilikuwa kikubwa, cha rangi, kimeandikwa Cheti cha Kutokuwa na Ubinafsi, na picha ya Mheshimiwa katikati. Jina langu lilikuwa chini, kwa maandishi madogo, limekosewa herufi. Kulikuwa na karamu. Meza ilikuwa moja, kiti kimoja, na Mheshimiwa akala kwa niaba ya wananchi wote. Alikula sana, maana sisi ni wengi.

Nilipopewa nafasi ya kushukuru nilisema nilichokwenda kukisema. Nikamwambia, "Mheshimiwa, mliponihukumu sikuwa na kosa hilo. Sasa ninalo. Nimeliona kwa macho yangu, nimelala nalo wiki saba. Naomba nirudishiwe kesi."

Mheshimiwa akafuta midomo.

"Bibi yetu ana unyenyekevu," akasema. "Lakini Serikali ikishakutakasa umetakata. Ukisema ubinafsi bado unao, unasema mimi nimeshindwa. Na mimi, ndugu wananchi, mimi sishindwi."

Wakapiga makofi, kila mtu akimtazama jirani. Nikarudi nyumbani na cheti changu.

Siku hizi saa sita natandika mkeka pale pale. Mkaguzi mwingine hajaletwa, kwa kuwa katika mafaili yao Mtangajuu hakuna mwenye ubinafsi. Likwata hajaandika. Sijui kama alifika salama. Sijui kama alimkuta mama yake ameirudisha ile sahani mahali pake, ingawa hilo nalifikiria kuliko mambo mengine yote. Mama Hidaya akiwahi kutoka mkutanoni hupita, nami namwambia karibu, naye anasema starehe.

Cheti nimekitundika ukutani, lakini nimekigeuza. Upande wa nyuma ni mweupe, unaandikika. Nilikaa na kalamu mchana mzima, na safari hii polepole yangu ilikuwa ya kweli. Wale wataalamu waliandika maana kumi na moja, mimi nimeandika moja, chini nikatia sahihi yangu: *Ubinafsi ni kusoma ukurasa mmoja wiki saba, na mwenzako ana mama.*

Iko pale, karibu na mlango, kwa herufi kubwa. Akija mtu, atasoma.